Dakika Tano Bila Kofia

Kaeni, wapendwa. Ibada imekuwa ndefu, bati limeshika moto, na mimi mwenyewe nimechoka, sitawaficha. Nina mfano mmoja tu, kisha mtakwenda zenu.

Alikuwepo mtu mmoja mwenye ualbino, kazi yake kutengeneza redio, aliyependa mpira kuliko chakula. Jumapili alasiri, umtafute uwanjani. Ila hakukaa popote tu. Daktari wa ngozi alikwisha kumtibu kidonda kwenye sikio la kushoto, akamwambia, "Jua la saa nne mpaka saa kumi liogope. Ukitoka, paka losheni yako, vaa mikono mirefu, na kofia isitoke kichwani." Basi akawa anakaa chini ya ukuta wa shule, upande wa kivuli, na kivuli kikisogea naye anasogea.

Alikuwa na rafiki, fundi cherehani, aliyesogea naye. Ngozi ya fundi ilikuwa nyeusi tii, jua halikumpa shida yoyote, lakini alibeba kigoda chake akamfuata mwenzake ukutani dakika zote tisini. "Wewe bwana na jua mna kesi gani isiyokwisha?" humtania. Wakacheka, wakagombana kuhusu penalti, wakarudi nyumbani magharibi. Yule mtu hakuhitaji zaidi ya hapo ili aipende dunia.

Kisha fundi akaugua, na baada ya miezi michache akafariki.

Mazishi yalikuwa saa saba mchana. Turubai lilikuwa moja. Chini yake waliwekwa marehemu, wafiwa, mchungaji na wazee. Wengine wote, juani. Yule mtu akaja na kofia yake ya kaki, ya ukingo mpana, yenye kitambaa nyuma cha kufunika shingo na masikio. Mzee mmoja wa kanisa akatoka chini ya turubai, akamwendea.

"Kijana, vua kofia. Tunamheshimu marehemu."

"Shikamoo, mzee wangu. Naomba radhi, ni ngozi yangu, daktari amesema..."

"Dakika tano tu. Kwani utakufa?"

Watu walikwisha kugeuza shingo. Angeweza kusema neno moja tu, likamnyamazisha mzee yule pale pale. Hakulisema. Alikuwa amechoka. Alikwisha kueleza kwa askari wa getini aliyetaka kumwona uso, akaeleza kwa mwalimu kwenye mkutano wa wazazi, akaeleza kwa karani wa ofisi ya kata. Kila mahali ni dakika tano, na kila mahali anaanza upya, kuanzia kuzaliwa kwake. Mnakujua kuchoka kwa namna hiyo, wapendwa? Mtu anafika mahali anaona afadhali aungue kuliko aeleze tena.

Akavua. Akaishika kifuani.

Ukasomwa wasifu, na shule zote alizosoma marehemu, hata ile aliyoikimbia. Zikatolewa salamu. Tukazika. Yakaja mashada, nanyi mnatujua kwa mashada: familia, wakwe, majirani, kwaya, mafundi wenzake, chama cha kuzikana. Ikafika saa tisa kasoro. Niwaulize: marehemu alikaa wapi muda wote ule kabla ya kushushwa? Kivulini! Asiyeungua tulimfunika, na anayeungua tukamvua kofia.

Wakaitwa marafiki. Yule mtu akasogea na shada lake, uso umemwiva, masikio yamekuwa mekundu. Mjane akamwona, akainuka kwenye kiti.

"Shemeji, mbona umevua?"

"Ni heshima kwa marehemu, shemeji."

"Heshima gani hiyo? Kofia hii si aliishona yeye? Alikuwa mgonjwa tayari, mikono inatetemeka. Ukingo ameufumua mara mbili, anasema, 'Masikio ya mwenzangu bado yako nje, sasa nikiondoka nani atamfuata ukutani?' Ndiyo kazi yake ya mwisho. Umekuja umeivaa, halafu wamekuvua?"

Akaichukua kwa mikono yenye udongo wa kaburi, akamvika mwenyewe. Yule mtu alilia, na hakulia kwa ajili ya ngozi.

Mngependa niishie hapo. Nami ningependa. Lakini baada ya miezi kadhaa kile kidonda cha sikio kilirudi, na safari hii daktari alikata nusu ya sikio. Yule mzee wa kanisa alikwenda kumwona hospitali, na mfuko wa machungwa mkononi, akamvuta daktari pembeni.

"Daktari, ni lile jua la mazishini?"

"Siwezi kusema ni la siku moja, mzee. Ngozi kama hii haisahau. Ni la siku zote alizoambiwa avue kidogo."

Mzee akarudi nyumbani na machungwa yake, alisahau hata kuyatoa. Yeye alidhani amechukua dakika tano tu. Askari naye alichukua tano. Mwalimu tano, karani tano. Hakuna hata mmoja aliyemdhuru mtu, ukituuliza mmoja mmoja. Tukijumlisha, tumemla sikio.

Nimesema "tumemla", mmesikia. Mzee yule ni mimi.

Sisi, wapendwa, tunapenda heshima isiyotugharimu kitu. Heshima ya fundi ilikuwa kubeba kigoda na kuhamia upande wenye kivuli, ingawa yeye hakukihitaji. Mimi niliyekuwa chini ya turubai sikufikiri hata kusogea kidogo na kusema, "Njoo hapa, nafasi ipo." Ilikuwepo.

Sasa tutatoka nje kwa sala ya mwisho, tusimame duara kama kawaida yetu. Nimeomba kwaya wahamishe duara upande wa ukuta, kwenye kivuli. Na ndugu yetu yuko pale nyuma, namwona, ameishika kofia yake mkononi kwa mazoea.

Vaa, ndugu yangu. Tutakungoja uvae, ndipo tuseme amina.