Kigoda cha Nyamizi

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa chai. "Sukari yote hii, unaposa?" Nyamizi alimuuliza mumewe, Lubango, wakacheka. Kisha saa ya mkononi ya Nyamizi ikalia, na simu ya Lubango nayo ikalia. Lubango akaizima. Mkewe alikuwa na desturi ya kujaribu mwilini mwake kila kitu walichobuni vijana aliowashauri, na saa ile ilikuwa imewashtua bure mara nyingi.

"Majaribio tu," alisema Lubango, akatoka kumwagilia mchicha.

Nyamizi alianzisha kampuni tatu za programu za kompyuta. Mbili zilikufa. Ya tatu ililea vijana watatu: Mbonea aliona yaliyo mbali, Sikudhani alijua njia, Ngollo alijua kilipo kila kitu.

Saa ilikuwa ya Mbonea. Akiwa ofisini aliona moyo wa Nyamizi ukiyumba. "Safari hii si uongo!" akapiga kelele.

Programu ya Sikudhani ilipanga safari za wagonjwa. Barabara kuu ilikuwa imezibwa na lori lililopinduka, akalipitisha gari la wagonjwa mashambani. "Baba, fungua geti!" alimwambia Lubango kwa simu. Hapo ndipo Lubango alipotupa ndoo.

Hospitali haikuwa na dawa. Programu ya Ngollo ikaonyesha dozi moja iliyobaki mjini, akaikimbiza mwenyewe.

Nyamizi akapata siku tisa zaidi za kuishi. Angekosekana mmoja wao, asingepata hata moja.

"Mngewahi dakika ishirini," daktari alisema, "tungekuwa tunazungumza mengine."

Siku ya nane Nyamizi alimwambia mumewe, "Kigoda changu mpe aliyenipa siku hizi." Ndicho alichokalia jikoni akiandika programu yake ya kwanza. Atakayekipata atarithi kampuni, nayo sasa ina nguvu ya kubeba kazi moja tu. Kazi za wengine wawili zitafungwa.

Matanga yalipoanuliwa, vijana walimjia Lubango.

"Bila saa yangu msingejua," alisema Mbonea.

"Kujua si kufika," alisema Sikudhani.

"Na kufika si kupona," alisema Ngollo.

"Hakupona," alisema Lubango.

Akawaambia warudi kesho.

Asubuhi iliyofuata alikifuta kigoda vumbi, akakiweka nyuma ya geti lililofungwa. Akasikia hodi tatu. Akachukua ndoo, akaenda kumwagilia mchicha.

Je, wewe ungemfungulia nani?