Deni Lisiloandikwa

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika mji wa Raudha alikuwapo mjane mcha Mungu, Bibi Tahiya, aliyeishi kwa kuwasagia watu ngano. Jiwe lake la kusagia lilizungushwa na punda, na zaidi ya punda huyo na kishamba kidogo hakuwa na kitu.

Mtoza kodi wa zamani wa mji ule, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na desturi yake. Majina ya wadaiwa yalisomwa sokoni kila Alhamisi, na ilikuwa aibu kubwa. Basi aliyejulikana kwa uaminifu hakumwandika. Alimwambia, "Neno lako ndilo daftari langu." Bibi Tahiya alikuwa mmoja wa hao.

Nzige wakala mashamba miaka mitatu, watu wakashindwa kulipa kodi. Mtoza kodi yule akafa. Kisha Amiri akaleta waraka wa msamaha: "Kila deni la kodi lililoandikwa katika daftari la Raudha limefutwa." Watu wakasujudu kwa furaha.

Mtoza kodi mpya, Shuraihi, akapekua daftari, kisha akamwita Bibi Tahiya mbele ya kadhi.

"Jina lako halimo," akasema. "Ama ulilipa, ama unadaiwa. Kama ulilipa, apa, uende zako."

Jirani yake Juwairia, ambaye deni lake lilikuwa limefutwa, akamvuta shungi. "Apa, mwenzangu! Aliyekuwa akijua yuko kaburini. Au unangoja punda akutolee ushahidi?" Watu wakacheka.

Bibi Tahiya akasema, "Sikulipa. Nadaiwa pishi thelathini za ngano."

Kadhi akamhurumia. "Bibi, umri umekwenda. Huenda umesahau."

"Allah akulipe kheri, kadhi. Natamani ningekuwa nimesahau."

Shuraihi akafunga daftari. "Basi deni lako halikuandikwa, na Amiri amefuta yaliyoandikwa."

"Bwana, nzige walikula kwangu kama walivyokula kwa hawa. Huruma ya Amiri inaishia kwenye wino?"

"Mimi nimetumwa kusoma, Bibi. Sikutumwa kufasiri."

Kadhi akainamisha kichwa. Punda akachukuliwa rehani siku ileile, kabla ya swala ya alasiri.

Kesho yake Bibi Tahiya alijifunga kamba begani, akalizungusha jiwe mwenyewe. Juwairia alileta ngano yake kama kawaida. Akasimama mlangoni akimtazama anavyohema, kisha akasema, "Siku hizi unachelewesha, mwenzangu. Itabidi upunguze ujira." Bibi Tahiya akapunguza. Hakumlaani mtu, wala hakujuta mbele ya mtu. Akawa anavuta huku akimtaja Mola wake, mwaka baada ya mwaka. Katika wote waliosamehewa, hakutokea hata mmoja aliyemletea kibaba cha ngano kupunguza deni lile.

Alipofariki, wanawake walikuja kumwosha, Juwairia akiwa miongoni mwao. Walipomgeuza waliona begani alama ya kamba, imezama kama mfereji. Mkono wa Juwairia ukasimama pale pale na kata ya maji. Mmoja akamwambia, "Mimina, dada, maiti anangoja." Hakuweza. Wakampokea kata, wakamalizia wengine.

Ndugu zangu, tusijidanganye kwamba mkweli hulipwa hapa duniani. Bibi huyu aliaminiwa, na kwa kuaminiwa kwake akapoteza. Walioandikwa kwa aibu ndio waliopona. Lakini lipo daftari jingine, ambalo hakuna jina linalosahauliwa humo. Ninamwogopea Shuraihi siku litakapofunguliwa. Zaidi yake ninawaogopea waliocheka, kwa kuwa wao hawakutumwa na mtu.