Kwa Nini Aliyezimia Huitwa kwa Jina Lake

Enzi za mababu wa mababu zetu, mtu akizimia hakuitwa. Alitazamwa tu, kisha akazikwa. Msinitolee macho, hawakuwa watu wabaya, hawakujua. Roho zao zilikuwa na desturi ya kutoka mwilini kupunga upepo. Nyingine hazikurudi, na kila mtu alikuwa na sababu yake ya kueleza.

Siku moja Mbonea, binti wa mhunzi Mshana, alikuwa akivukuta moto wa baba yake tangu asubuhi. Joto likamzidi, akaanguka. Wazee wakakusanyika, ubishi ukaanza. Mmoja alisema ni moshi. Wa pili akasema ni njaa, maana Mshana alikuwa bahili hata kwa wanawe. Wa tatu akasema mizimu imemtaka. Walibishana mpaka jua likainama, wakaafikiana jambo moja tu: kaburi lichimbwe.

Kumbe roho ya Mbonea ilikuwa juu ya paa, imeshapoa, inataka kurudi. Lakini ilikuwa roho ya binti aliyelelewa, na kwetu mtu haingii ndani bila kukaribishwa. Ikapiga hodi. Wazee wanabishana. Ikapiga ya pili. Wanabishana. Na hodi ya tatu isipojibiwa, mgeni huenda zake.

Mamake, Nakiete, uvumilivu ukamwisha. “Nyamazeni!” alifoka. “Tangu alipoanguka mnauliza kwa nini ametoka. Nani kati yenu amemwambia arudi?”

Hata aliyekuwa akichimba kaburi akatua jembe lake. Nakiete akapiga magoti, akaita kwa sauti iliyofika ng’ambo ya bonde: “Mbonea! Mbonea wa Nakiete! Karibu ndani, mwanangu!”

Kifua kikapanda. Mbonea akapiga chafya, akafumbua macho. “Nimeshakaribia, mama,” akasema. Kisha akamtajia kila mzee maneno aliyoyasema, akamwambia na baba yake kuwa ana upara utosini. Vigelegele vikarindima! Kaburi likafukiwa tupu, na Mshana, yule bahili, akachinja fahali wake mkubwa huku akilia kwa furaha.

Na tangu siku hiyo, aliyezimia kwetu huitwa kwa jina lake na la mamake, kwa sauti kubwa, bila haya. Akirudi akasema alituona kutoka juu, hatumkatalii. Nyinyi mliosoma mna maelezo yenu, na huenda ni ya kweli. Bishaneni mtakavyo. Lakini mwiteni kwanza.