Mzee Ambakisye na Mkwewe Kwenye Benchi la Mbele

Hii nimeletewa asubuhi na dada mmoja wa kwaya, na sijaweza kuifuta. Kama kanisa lenu linapungua watu na hamjui mumlaumu nani, isome yote kabla ya kumtumia mwingine.

Katika mji mmoja mdogo kule Unyakyusa palikuwa na kanisa la matofali lililojengwa na mababu. Ibada yote ilikuwa kwa Kinyakyusa, kuanzia salamu hadi baraka, na zamani hilo halikuwa tatizo. Kisha ikaja lami, kikaja kiwanda cha chai, kikaja na chuo, mji ukajaa watu wa kila kabila. Bondeni likafunguliwa hema lenye spika kubwa, wanahubiri kwa Kiswahili. Mabenchi ya kanisa la mababu yakazidi kubaki matupu.

Mzee Ambakisye, kiongozi wa wazee wa kanisa, alikuwa na maumivu yake mwenyewe. Mwanawe wa pekee alioa binti wa Masasi, jina lake Fidea, wakaishi hapo hapo nyumbani kwa mzee. Fidea alisali kanisani mwaka mmoja, halafu akahamia hemani, na watoto walipozaliwa akaenda nao huko. Kila Jumapili mzee akiwa mlangoni mwa kanisa na Biblia yake aliwaona wajukuu wakipita getini wakielekea bondeni. Hakumwambia mtu, lakini iliuma sana.

Siku ya kikao cha wazee, Mchungaji Tusajigwe, mama wa makamo asiyezunguka maneno, alisema wazi, "Wazee wangu, tukiendelea hivi tutabaki sisi na popo wa darini. Naomba tuwe na ibada ya Kiswahili."

"Lugha hii tukiitoa humu ndani, Mchungaji, wajukuu zetu wataisikia wapi?" akajibu Mzee Ambakisye. "Mgeni akitaka kuelewa, afundishwe."

"Afundishwe na nani, Baba?"

"Na sisi."

"Basi Jumapili hii anza wewe. Mlete mtu mmoja asiyejua Kinyakyusa, kaa naye, umtafsirie ibada nzima. Akielewa, sitaizungumzia tena habari ya Kiswahili."

"Nimekubali," akasema mzee. "Nitamleta mke wa mwanangu."

Wazee wakatazamana. Kwa mila waliyokulia, baba mkwe na mke wa mwanawe hawakaribiani, wala hawaongei ana kwa ana. Na Mzee Ambakisye aliishika mila hiyo barabara. Tangu Fidea aolewe, mzee akiwa na neno naye alimtuma mtoto: "Mwambie mama yako ng'ombe hawajapata maji." Mama mwenyewe yuko pale pale anachambua mboga, anasikia kila kitu.

"Wewe na mkweo, benchi moja?" akauliza mzee mmoja.

"Nimeshasema. Wajukuu zangu nawataka humu."

Akamtuma mjukuu kama kawaida: "Mwambie mama yako Jumapili aje kanisani kwetu, nina shida naye." Jibu likarudi kwa njia ile ile kwamba atakuja.

Jumapili ilipofika, mzee alimketisha Fidea benchi la mbele, naye akakaa kando yake. Kanisa zima likaanza kunong'ona. Jasho lilimtoka mzee, lakini hakuinuka. Ukaanza wimbo, ule ule ulioimbwa siku alipomzika mkewe.

"Baba, hapa wanasema nini?" Fidea akauliza kwa sauti ya chini.

"Wanamshukuru Mungu," akajibu mzee.

Ukaja ubeti wa pili. "Na hapa?"

"Hapa pia wanamshukuru."

Ubeti wa tatu ulipoanza, mzee akawahi mwenyewe, "Bado wanamshukuru."

"Leo ameshukuriwa vya kutosha, Baba," akasema Fidea, akijizuia kucheka.

Mzee aliinamia kitabu. Yalikuwa maneno ya enzi za babu zake, ambayo hata sokoni hayasemwi tena. Alikuwa ameyaimba tangu utotoni, ameyalilia msibani, na hakuwahi kuuliza maana yake. Akamgeukia mzee mwenzake wa upande wa pili: "Neno hili maana yake nini?"

"Imba, bwana," akajibiwa. "Unatuchelewesha."

Ibada ilipokwisha, mzee alimfuata mchungaji mlangoni, Fidea akiwa nyuma yake.

"Mchungaji, nimeshindwa," akasema. "Nimelinda kitu ambacho mimi mwenyewe sikielewi. Anzisha ibada ya Kiswahili." Kisha akamgeukia mkwewe. "Nisamehe, mwanangu, nimekupotezea Jumapili yako. Rudi hemani, huko unaelewa."

"Kule naelewa nusu tu, Baba. Zile spika zina kelele mno."

Mzee akashangaa. "Sasa kwa nini ulituhama?"

Fidea akatazama chini. "Kule waliniuliza jina langu. Hapa nilikaa mwaka mzima benchi la nyuma, peke yangu. Nikirudi nyumbani, na wewe huongei nami, unamtuma mtoto. Nikajua hamnitaki, kanisani na nyumbani. Leo ndiyo mara ya kwanza umenijibu mimi."

"Mwanangu, ile ni heshima," mzee akasema. "Huku kwetu ndivyo tunavyomheshimu mkwe."

"Sikujua, Baba. Hakuna aliyeniambia, hata mume wangu; labda alidhani najua."

Mzee Ambakisye alilia pale mlangoni, watu wakimwona, na hakujali.

Wiki hiyo alizunguka kwa vikongwe wa mji mzima akiuliza maana ya maneno ya nyimbo. Jumapili iliyofuata kukawa na ibada mbili, naye akahudhuria zote. Kwenye ile ya Kinyakyusa alisimama kabla ya kila wimbo akaeleza unasema nini. Kwenye ile ya Kiswahili alikwenda kukaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, Fidea na wajukuu wakiwa kando yake.

Wazee wenzake wakamfuata. "Nafasi yako iko mbele, mzee. Unarudi lini?"

"Sirudi," akasema. "Watu wetu wametutoka kupitia mlango huu, sisi tukiwa tumewapa kisogo. Atakayetaka kutoka tena itabidi anipite mimi, na nitamuuliza jina lake."

Funzo: Kanisa haliuawi na nyakati kubadilika wala na hema la jirani. Linakufa pale mwenyeji anapodhani mgeni anaijua heshima yake, na hajawahi kukaa naye akamweleza. Kabla ya kuuliza kwa nini watu wanahama, muulize jina yule aliyekaa peke yake nyuma yako.