Jogoo wa Shekue Avuka Kijito

Hapo zamani, enzi ambazo mtu alijulikana kwa kofia yake, paliondokea katika mji wa Shungi mshona kofia jina lake Shekue, fukara wa mfuko lakini si wa maneno. Kila kofia aliyoishona aliitia ndani alama yake, jogoo wa mguu mmoja, na watu wakimwona jogoo yule walinunua bila kuuliza.

Basi ng'ambo ya kijito palikuwa na nchi nyingine, Mtondoo, yenye Sultani wake. Huko tajiri mmoja, Feruzi, akashona kofia zizo hizo na jogoo yuyo huyo, ila rangi yake ilikuwa ya kuibia watu. Zikilowa tu, buluu yote yashuka usoni. Ikawa kila asubuhi watu wenye mapaji ya buluu wamejaa mlangoni kwa Shekue, wakimtukana yeye! Mkewe, Mwanasha, akalia, "Mume wangu, wanunuzi wametukimbia, chungu hakijapanda jikoni tangu juzi, na sasa jina lako limekuwa tusi. Nenda kwa huyo Sultani!"

Shekue akaenda, akapiga magoti. "Maulana, jogoo wangu ameibwa nchini mwako."

Sultani, aliyekuwa amevaa kofia aliyozawadiwa na Feruzi, akacheka. "Ewe masikini, jogoo wako ni alama huko kwenu. Akivuka kijito ni uzi tu. Alama ya mtu haivuki maji."

"Nimesikia, maulana. Na hukumu hiyo ni ya upande mmoja, au pande zote mbili?"

"Pande zote mbili! Mimi si dhalimu."

"Basi naomba ipigiwe mbiu, wajinga kama mimi tusije tukakusumbua tena."

Ikapigwa mbiu. Shekue akashika njia ya kwao, roho inamuuma, hajui atamwambia nini mkewe. Mara akaisikia siwa, ile pembe kubwa ipigwayo kwa ajili ya Sultani peke yake, ikilia vuu, vuu, vuuuu. Akasimama, akatabasamu, akaenda kutafuta pembe.

Na kwa kuwa kofia zake hazikununuliwa tena, akawa mzoa taka wa Shungi. Akipiga pembe yake kwa mlio ule ule wa siwa, wanawake hutoka mbio na vikapu vya magamba ya samaki, majivu na mavi ya mbuzi, wakamwaga mkokotenini.

Ikawa siku moja Sultani akaja Shungi kuoa, amebebwa kwa machela, amejifukiza udi mpaka ndevu. Kufika mlango wa mji, siwa ikalia. Loo! Milango ikafunguka, wanawake hao! Kabla mtu hajatia neno, machela imejaa pomoni, na maji ya samaki yanamchuruzika Sultani.

"Mashetani! Mwaisikia siwa yangu, kisha mwanimwagia taka?"

Bibi mmoja akajibu, "Tuwie radhi, mwanangu, tulidhani ni mkokoteni. Na leo umechelewa."

Akaletwa Shekue. "Umeniibia siwa yangu!"

"Hasha, maulana! Siwa ni siwa huko kwako. Ikivuka kijito ni pembe tu. Mbiu ilipigwa, hata mimi mjinga nikaielewa."

Hapo tone la buluu likamdondoka Sultani puani, maana ile kofia ya Feruzi ilikuwa imelowa chepechepe. Dirishani bibi harusi akauliza kwa sauti, "Huyu wa buluu ndiye bwana harusi mwenyewe?"

Sultani akajipangusa, akautazama mkono wake, akaangua kicheko mpaka wachukuzi wa machela wakayumba. "Shekue, nirudishie pembe yangu!"

"Nawe nirudishie jogoo wangu, maulana."

Basi ikapigwa mbiu mpya pande zote mbili, kwamba alama ya mtu huvuka maji pamoja na mwenyewe. Feruzi akaamriwa azivae kofia zake masika yote, bila mwavuli. Shekue akarudi kwenye sindano yake, chungu cha Mwanasha kikapanda jikoni, na taka za Shungi zikawa zaitwa kwa upatu, ile sinia ya shaba igongwayo kwa kijiti. Na tangu siku hiyo Sultani, kila alipotaka kupigiwa upatu karamuni, alimtuma kwanza mjumbe ng'ambo ya kijito aulize kwa adabu: je, mlio huu una mwenyewe?