Namba ya Fisi Msajili

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa chuo kikuu!

— Chuo cha nani?

Cha wenye kwato na wenye kucha.

— Wakasoma?

Kwanza wakaandikishwa.

Msajili wa chuo hicho alikuwa Fisi. Kila mwanafunzi aliyefika, Fisi alimchongea namba yake peke yake juu ya kigae cha chungu, kwaru-kwaru-kwaru, akamvika shingoni. Namba hiyo ilimfuata mwanafunzi tangu mwaka wa kwanza hadi mahafali. Kila muhula alama zake ziliingizwa daftarini. Namba iliyokosa alama ilifungwa, na mwenye namba akapelekwa kwa Msajili kwa hatua zaidi.

Waliokwenda kwa hatua zaidi hawakurudi. Fisi alizidi kunenepa.

Pimbi alikuwa mwaka wa nne, namba mia nne kumi na saba. Muhula huo alikosa alama za somo moja. Akaenda ofisini, ngo-ngo-ngo.

"Siku ya mtihani nilikuwa namzika mke wangu," akasema.

Fisi akafunua daftari. Hakumtazama usoni, alitazama kigae. "Mia nne kumi na saba. Hapa pana safu ya namba, safu ya mwaka, safu ya alama. Safu ya msiba haipo."

"Naomba nifanye mtihani baadaye, Mheshimiwa."

"Daftari halikosei. Njoo Ijumaa, Mkuu wa Chuo akija kutia sahihi. Na uje umekula vizuri."

Pimbi akayatazama meno ya Fisi. Akautazama mlango. Mlango ulikuwa mbali, na miguu yake mifupi.

"Sawa, Mheshimiwa. Kinachoniuma ni ng'ombe tu."

"Ng'ombe yupi?"

"Wa karamu ya mahafali, mwaka huu. Nyama itagawiwa kwa namba. Mwaka wa kwanza kwato, wa pili utumbo, wa tatu mbavu, wa nne paja zima."

Mate yakamdondoka Fisi, to! to! to! "Na Msajili?"

"Msajili ana namba?"

Fisi akajipapasa shingoni. "Sina. Hata kwato sipati?"

"Hata mchuzi."

"Basi najiandika sasa hivi. Mwaka wa kwanza..."

"Wa kwanza ni kwato, Mheshimiwa."

Fisi akafuta. Akaandika: namba mia tisa na mbili, mwaka wa nne. Akachonga kigae, kwaru-kwaru-kwaru, akajivika, akacheka mpaka madirisha yakatetemeka.

Ijumaa ikafika. Chui, Mkuu wa Chuo, akaketi mezani. Pimbi alisimama pembeni. Chui akapitisha ukucha juu ya ukurasa.

"Mia nne kumi na saba. Amekosa alama za somo moja."

"Ndiye huyu, Mkuu," akasema Fisi, akijilamba.

"Mia tisa na mbili, mwaka wa nne. Mwaka wa kwanza, hakuna alama. Wa pili, hakuna. Wa tatu, hakuna. Wa nne, hakuna." Chui akainua macho. "Huyu bado yumo chuoni?"

Pimbi akakohoa. "Yumo humu ofisini, Mkuu. Kigae kile pale."

"Mimi ni Msajili!" akafoka Fisi. "Daftari limekosea!"

"Limekosea mara hii tu, Mheshimiwa," Pimbi akauliza kwa adabu, "au lilikosea na kwa wale waliokuja kwa hatua zaidi?"

Fisi akalitazama daftari, akamtazama Chui.

"Halikosei," akasema polepole.

"Vema," akasema Chui, akapiga muhuri, ndi! Kisha akachukua hatua zaidi.

Chui aliposhiba, alimsikiliza Pimbi mpaka mwisho. Aliyeshiba huwa msikivu. Jumatatu Pimbi akafanya mtihani wake, akafaulu. Ng'ombe hakuwapo: karamu ya mahafali ilikuwa ya chai na karanga, kama miaka yote. Kila mhitimu alitengewa kiti kimoja cha mgeni wake. Cha Pimbi kilibaki kitupu, naye hakumruhusu mtu akikalie.

Basi, wanangu, shikeni funzo: daftari halikosei. Mkiona limekosea, jueni aliyekosea ni yule aliyeandikwa ndani yake.

Nami nimefika ukingoni. Ngano ikiwanogea, gawaneni.

— Isiponoga?

Iandikeni kwa namba ya jirani.