Mzee Kasiani na Kitabu cha Majina

Paukwa!
Pakawa!
Aliyesinzia?
Mfinyeni, asikie!

Zamani, enzi za babu wa babu zetu, palikuwa na kijiji chenye kanisa la matofali mabichi. Padri alikuwa amekufa kwa homa. Akabaki katekista, Mzee Kasiani, na kitabu kikubwa cha ubatizo. Humo mlikuwa na majina: nani kabatizwa, mwana wa nani, katoka wapi, msimamizi wake nani. Wengi walikuwa watu waliokombolewa utumwani. Kitabu kilisema: huyu ni huru.

Akatawala mtemi mpya, Lugome.

"Watu wale walikuwa watumwa wa babu yangu," akasema. "Nitawarudisha."

"Kuna kitabu, Mtemi," akasema mshauri wake. "Kinasema wako huru."

"Basi kichomwe."

Habari zikafika. Kijiji kikatetemeka. Mzee Kasiani akashika kisu, akakata uzi wa kitabu, kwa! Akagawa kurasa, kila nyumba fungu lake.

Mjane Teodora alipewa fungu la wale waliobatizwa kwanza. Majina ishirini. La mama yake lilikuwemo.

"Babu, mimi sijui kusoma."

"Nitakusomea. Utayashika kwa moyo."

"Na wakizikuta kwangu?"

Mzee akafunua ukurasa wa kwanza. Kisha akasema, "Hata mimi naogopa, mwanangu. Wewe twanga, mimi nisome."

Teodora akatwanga, twi, twi, twi. Mzee akasoma. Alasiri hii twi, alasiri ile twi, mpaka mwezi ukaandama.

Asubuhi moja ngoma ikalia. Ndi! Ndi! Ndi! Askari hao! Kanisa likawaka. Wakapekua nyumba ya kwanza. Wakapekua ya pili. Nyumba ya tatu wakaona karatasi moja ya jalada, isiyo na jina, imechomekwa darini. Mwenye nyumba wakamfunga kamba, wakamburuta. Teodora alimsikia akilia, "Nakufa! Nakufa, jamani!" Kisha hakumsikia tena.

Vishindo vikaja. Vikakaribia. Vikafika uani.

Mikono ya Teodora ikafanya yenyewe. Ikachopoa kurasa, ikazisukuma mekoni, chini ya chungu. Zikajikunja, zikawa jivu. Askari wakaingia, wakafunua chungu, wakaona kunde. Wakatoka.

Teodora akaketi chini. Yu mzima, lakini jina la mama yake amelichoma kwa mkono wake mwenyewe. Hakumwambia mtu. Kila Mzee Kasiani alipopita, yeye alijificha.

Wazee wa nchi nzima wakaitisha baraza kuamua dai la Lugome. Wakasema, "Kama ushahidi upo, uletwe."

Mafungu yakaja. Moja lilitoka ghalani ndani ya mtama. Jingine lilishonwa ndani ya mto wa mtoto.

"Teodora!" wakaita wazee.

Akasimama. "Nilizichoma. Niliogopa."

Lugome akacheka. "Basi hao ni wangu!"

Watu wakamzomea mjane, wengine wakalia. Mzee Kasiani akainuka taratibu.

"Mwanangu, ulichoma karatasi. Maneno hukuyachoma. Sema."

Teodora akafumba macho. Sauti ikatoka kama uzi. "Salome, binti Nyamizi, katoka ng'ambo ya ziwa, msimamizi wake Yosefa..." Huyo ndiye mama yake. Akaendelea, jina kwa jina.

"Anatunga!" Lugome akapayuka.

"Linganisheni na kurasa nyingine," akasema Mzee. "Kila aliyemtaja alizaa mtoto aliyebatizwa hapa, au alisimamia mtoto wa mwenzake. Ametajwa tena."

Wazee wakalinganisha. La kwanza, sawa. La pili, sawa. Sawa, sawa, mpaka kumi na saba. Wote waliokuwa hai walikuwemo. Lugome akaondoka bila kuaga.

Lakini majina matatu Teodora hakuyakumbuka. Walikuwa marehemu wasioacha mtoto wala ndugu, wala hawakuwahi kusimamia mtoto wa mtu. Hata Mzee, aliyeyasoma, uzee ulikuwa umemnyang'anya.

Mzee hakumkaripia Teodora. Aliagiza kitabu kiandikwe upya, mara mbili, nakala moja ipelekwe misheni ya ng'ambo ya mto. Akaagiza pia kisomwe mbele ya watu wote kila Siku ya Marehemu. Mpaka leo kinasomwa. Na msomaji akifika kwenye mistari mitatu mitupu, hunyamaza. Watu huinamisha vichwa, wakawaombea wasiowajua.

Wanangu, kumbukumbu ikilala nyumba moja, moto mmoja huimaliza. Igawaneni.

Ngano yangu imekomea hapo. Nami ulimi wangu naupumzisha.